Siku Niliyowaita Wazee wa Falaji Wakapige Kura

Jamani, kuna watu wameaibika kwa kuanguka harusini, kuna walioaibika kwa kusahau sura katikati ya sala na wao ndio maimamu, lakini mimi aibu yangu niliipata kwa neno moja dogo, neno nililolijua tangu sijaanza chuoni, na niliipata mbele ya mji mzima, nusu yao wamefunga hanjari, yale majambia yao ya heshima, kiunoni na nusu yao wamevaa kaptura. Mpaka leo nikiingia dukani Ibra kununua betri za tochi haikosi mtu atanitazama kisha acheke kwa pua, nami najua anacheka nini. Bora niwahadithie mwenyewe kabla haijatiwa chumvi, maana hata chumvi yake ya asili inatosha.

Ilikuwa miaka ya sabini, tumekuja huku Ibra, nchi ya Waarabu, mimi na mama kutoka Unguja na masanduku yetu mawili, tukapokewa na Ami Khalfan, ndugu wa marehemu baba. Ami alikaa Unguja ujanani, akauza nguo pale Mkunazini, akarudi kwao mapema kabla ya mambo kuharibika, kwa hivyo Kiswahili alikuwa nacho, tena kile cha zamani kilichonyooka. Alitupa vyumba viwili nyuma ya nyumba yake, na akampa mama kipande cha shamba la mitende akifanye atakavyo. Mama, ambaye tangu tuondoke kwetu alikuwa akinyamaza tu, akapanda muhogo, akapanda mchaichai, akapanda na bilingani, na siku ulipochipua ule muhogo nilimsikia anaimba jikoni. Nilisimama ukumbini nikamsikiliza mpaka chei yangu ikapoa.

Sasa shamba hilo lilikuwa mkiani mwa falaji. Kwa asiyejua, falaji ni ule mfereji unaoleta maji kutoka chini ya mlima, na maji yake hugawiwa kwa zamu, kila mwenye hisa na saa zake, yeye akimaliza anafunguliwa mwenzake, mpaka yafike mkiani kwa watu kama sisi. Zamu zikigombaniwa (na zinagombaniwa, ndugu zangu, watu wamenuniana miaka kwa maji ya robo saa) yuko mtu anayehukumu, anaitwa arifu, na neno lake ndilo la mwisho. Arifu wetu wa zamani alikuwa amefariki, Mungu amrehemu, na wenye maji wakatakiwa wachague mwingine. Walisimama wawili: Ami Khalfan, na Bwana Zahor, tajiri wa mapipa ya dizeli na vipuri vya magari.

Ami alitaka mambo yabaki kama walivyoyaacha wazee, mchana maji yapimwe kwa kivuli cha mti uliosimikwa kiwanjani, usiku kwa nyota. Zahor alitaka saa za mkononi, na alitaka pampu kule juu maji yanakoanzia. Simlaumu kwa saa. Lakini ile pampu ilikuwa ya kwake na shamba lake lilikuwa kule juu, na maji yakivutwa juu, mkiani hayafiki hata ya kutawadhia. Ami akishindwa, muhogo wa mama ungekauka, na nilijua kitakachokauka si muhogo peke yake.

Na Ami alikuwa na watu, si kwamba hakuwa nao. Wazee wa mkiani, watu wa mambo ya zamani, wote walikuwa upande wake, na walikuwa wengi kuliko wa Zahor. Tabu yao ni kuwa hawatoki. Wao waliona cheo hakiombwi, na kwenda mbele ya watu kuinua mkono ati namtaka fulani ni ukosefu wa haya, kila mmoja anakaa kwake anasema wenzangu watakwenda, na wenzake nao wanasema hivyo hivyo. Watu wa Zahor hawakuwa na haya ya namna hiyo, walikuwa na pikapu.

Hapo ndipo nilipojiingiza mimi. Mnajua sisi wa Unguja kwa kura, hatuambiwi kitu. Nilikuwa mwanafunzi wakati wa zile chaguzi za kwetu, nimeona malori na nyimbo, nimeona majirani wa ukuta mmoja hawapeani hata moto kwa sababu ya vyama, nikajiona bingwa. Nikamwambia Ami niachie mimi, nitawatoa wazee wote majumbani mwao. Ami akanitazama kwa muda, maana Kiarabu changu alikijua. Nilikuwa nacho cha kusalimia, cha kununulia samaki, na cha ofisini nilikokuwa karani, basi. Akanifundisha maneno machache ya Kiarabu niyahifadhi: Khalfan anakusalimuni, na Ijumaa baada ya alasiri arifu wa falaji anachaguliwa pale sabla (sabla ndiyo ule ukumbi wanaume wanapokaa kunywa kahawa na kukata mashauri).

"Sema hayo tu, mwanangu," akaniambia. "Usiongeze."

Nikaongeza. Nilipofika nyumba ya kwanza maneno yale niliyaona makavu, hayana moto, mtu gani atatoka kwake kwa maneno kama yale. Na hilo neno arifu lilinitia shaka, kwetu kuarifu ni kumpa mtu habari, nikaona watadhani tunachagua mpeleka habari. Nikasema nitatumia hakamu, la Kiarabu safi, maana yake mwamuzi. Tena nikasema lazima niwatie hamasa ya kupiga kura, nikaligeuza neno kwa neno: kupiga ni dharaba, na kura sikuligeuza kabisa, maana hilo nilijua limetoka kwao wenyewe. Nilijipongeza hasa kwa hilo la kura.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mzee Hilal, mkubwa wa wazee wa mkiani, mtu mkavu, mrefu, ambaye alikuwa hatoki ila kwa sala na maziko. Akanikaribisha tende na kahawa. Nikamwambia, kwa Kiarabu changu, Ijumaa baada ya alasiri nyote mje mpige kura, Khalfan anataka kuwa hakamu. Kikombe kikasimama njiani kabla hakijafika mdomoni. Akaniuliza, Khalfan huyu huyu? Nikasema ndiye. Akaniuliza, hakamu, wa kura? Nikasema naam, wa kura, na kila mwenye maji lazima aje aipige mwenyewe, kwa mkono wake. Akasema kitu juu ya miguu, nikadhani anasema miguu yake haiwezi tena mwendo, nikamwambia miguu si kitu, nitakuja na gari la Ami nikubebe. Akaniuliza hilo ni shauri la Khalfan mwenyewe au la watu? Nikamjibu, la Khalfan mwenyewe, na amelitaka kwa moyo wake wote. Mzee wa watu akatikisa kichwa akasema la haula wala quwwata, nami nikaona maneno yangu yamemwingia.

Kutoka hapo nilikuwa sishikiki. Nyumba baada ya nyumba nikawaambia wasiwaachie vijana kura, vijana wakiachiwa kura wataipeleka wanakotaka wao. Mmoja akaniuliza itakuwa wapi, nikamwambia pale pale pa siku zote (sabla nilikuwa nimeisahau, na nani asiyejua mashauri hukatwa wapi?). Mwingine akauliza wavae nini, nikasema wavae kanzu zao safi, wafunge hanjari na wachukue bakora, ili wa upande wa pili wakiwaona washike adabu. Kwenye nyumba moja mwanamke nyuma ya pazia alishikwa na kitu, mimi nikadhani kifua, nikawaambia kwa heshima wampeleke hospitali. Na sikuulizwa na mtu hata mmoja swali ambalo sikulijibu.

Jioni Ami akaniuliza wamesemaje. Nikamwambia wote watakuja, wameniapia. Akashangaa, akasema hata Hilal? Nikasema Hilal ndiye wa mwanzo. Mama akanitazama kwa fahari, na sahani ya bilingani ikaja ikiwa imejaa kuliko ya Ami. Niliila yote.

Ijumaa ikafika. Gari nililoahidi halikuwaka, lakini nilipopita kwa Mzee Hilal kumwomba radhi niliambiwa keshaondoka kwa miguu na wenziwe, nikafurahi, nikaenda zangu sabla. Pale nikamkuta Sheikh Sleyum, wakili wa falaji, mtu anayeshika matengenezo na ndiye msimamizi wa uchaguzi, kakaa mbele. Upande wa Zahor watu wamebanana mpaka mlangoni, kanzu zimepigwa pasi, udi unanukia. Upande wetu yuko Ami, niko mimi, yuko na mzee mmoja ambaye ni kiziwi na kwa hivyo hakupata kunisikia. Basi.

Kahawa ikazunguka. Nikatazama mlangoni. Ikazunguka tena. Ami hakunitazama, alikuwa anatazama mkeka, na mimi ningependa angenitukana kuliko vile. Zahor akaitazama saa yake, ilikuwa ya dhahabu, akasema wakati umepita. Sheikh Sleyum akatoka nje akatazama kivuli cha ukuta, akarudi akasema alasiri bado ipo. Lakini akasema na yeye hawezi kuwaweka watu mpaka magharibi, atahesabu waliopo. Nikawaza nitakavyomwambia mama.

Ndipo aliposimama mlangoni kijana Masoud, kapteni wa timu ya mpira ya mtaa wetu, kaptura, magoti yamejaa vumbi, jasho linamtoka, na kuingia sabla na kaptura ni jambo ambalo baba yake angelimpiga kwalo. Akaomba radhi, akasema anamtaka wakili aende wadini, kule kwenye mto mkavu wanakochezea mpira, maana siku ile walikuwa na mechi na mtaa wa juu, mechi iliyozungumzwa wiki nzima, na wazee wamevamia uwanja. Sheikh Sleyum akauliza wazee gani. Masoud akasema wazee wote wa mkiani, wamekuja na bakora na hanjari, wamechukua mpira, hawautoi, wanasema wanamngoja Sheikh Khalfan.

"Anangojwa afanye nini?" akauliza Sheikh Sleyum.

"Awe refa. Wanasema ametaka mwenyewe. Wameambiwa na yule Zinjibari wa nyumbani kwake."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Ami akafumba macho, akaniuliza taratibu kwa Kiswahili niliwaambia neno gani hasa. Nikamwambia kura, Ami, kupiga kura. Akaniambia, "Lile la kuchagua kwetu lina herufi ya qafu na ya ain, mwanangu. Wewe umewapa la kafu, na kura ya kafu kwetu ni mpira. Umewaita wakapige mpira." Na hakamu, kumbe, ndiye yule mwenye filimbi vile vile. Nilitamani ile kahawa iliyonijaa tumboni inizamishe. Nyuma yangu watu wa Zahor walianza kucheka mmoja mmoja, wakamaliza kwa kucheka wote, mmoja akaanguka juu ya mto, na yule mzee kiziwi naye akacheka, kwa adabu tu ya kutowaacha wenzake.

Zahor, aliyekuwa anafuta machozi, akasema basi wakili ahesabu tumalize. Sheikh Sleyum hakucheka. Akavaa makubadhi yake. Akasema arifu huchaguliwa na wenye maji pale walipo wenye maji, na falaji si mali ya sabla, na wenye maji wengi hivi sasa wako wadini. Zahor akapinga, akataja saa, akataja ahadi, akaionyesha na ile dhahabu, lakini wakili alikuwa kesha kutoka, na mtu hawezi kubaki akapiga kura na mikeka. Tukamfuata wote, watu na kanzu zao za pasi juu ya kokoto.

Niliyoyaona wadini sitayasahau. Wachezaji wa timu zote mbili wamekaa chini pembeni wamekata tamaa. Katikati ya goli la upande wa kwetu uko mpira, na mbele yake wazee wa mkiani wamepanga mstari, na kila mmoja anakuja, anasema bismillahi, anainama kwa tabu, anaupiga mpira ule kofi moja kwa mkono wake, kisha anakwenda kukaa na wenzake waliokwisha kupiga. Hakuna anayecheka. Waliambiwa kila mtu aupige mwenyewe kwa mkono, na wao ni watu wa kutimiza. Mzee Hilal amesimama na bakora kuulinda, mtu asipige mara mbili.

Sheikh Sleyum akamwamkia, akamuuliza mnafanya nini hapa. Akamjibu wamekuja kwa ajili ya Khalfan. Hapo wakili akapanda juu ya jiwe, akawaeleza kwa Kiarabu cha watu wazima lile lilikuwa jambo gani, kwamba hakuna mpira wala refa, ni arifu wa falaji ndiye anayechaguliwa, na anayemtaka Zahor aende goli la kule, anayemtaka Khalfan aende goli la huku. Wazee wakatazamana. Ukapita mnong'ono, kisha kicheko, cha chini chini cha watu waliopumua. Na hakuna aliyeondoka. Wao si walikuwa wameshakaa katika goli la huku? Walibaki tu vile vile na bakora zao mapajani, ikawa goli zima limejaa na wengine wamemwagika nje ya milingoti, na kule ng'ambo watu wa Zahor, waliojaza sabla mpaka mlangoni, kwenye uwanja mpana ule walionekana kama waliokuja kuokota kuni. Hata kuhesabu hapakuwa na haja. Wakili akahesabu, kwa kutimiza sheria, akamshika Ami mkono akauinua.

Ndugu zangu, nilipiga kelele. Nilirukaruka peke yangu, nikavua kofia nikaitupa, wachezaji nao wakapiga makofi ingawa wengi wao hawana hisa ya hata kikombe cha maji, na mzee mmoja akanikumbatia akaniambia maneno ambayo nadhani yalikuwa mazuri. Watu wa mambo ya zamani walikuwa wametoka, wote, hata wagonjwa. Hapajapata kuonekana uchaguzi wa falaji uliojaza watu vile, na kampeni ilikuwa yangu.

Masoud akamwendea Ami, akasema sasa shauri lao lipi, mechi imekula nusu ya wakati na magharibi haiko mbali. Ami akafikiri sawasawa, hakuchukulia mzaha. Akasema zamu iliyokatwa bila kosa la mwenyewe hulipwa, ndiyo kanuni ya maji. Akasimika bakora yake ukingoni, akatazama kivuli, akaweka jiwe chini akasema mtacheza mpaka kivuli kifike hapa, na wenye saa wazitie mifukoni. Timu zote mbili zikaridhika. Wazee nao wakabaki kutazama, na walipoona goli la kwanza limeingia walitaka Ami aseme kama ni halali.

Nikaenda nyumbani kulijaribu tena lile gari, safari hii likawaka, nikarudi nalo nikampakia Mzee Hilal kumrudisha kwake. Njiani nikamuuliza, kwa Kiarabu nilichokiokota polepole neno neno, kama alidhani ni mpira, mbona alikuja, yeye asiyetoka hata kwa harusi?

"Tulidhani Khalfan amerukwa na akili," akaniambia. "Tukasema, mwenzetu akirukwa na akili hatumwachi akasimama mbele ya watu peke yake."

Nikapunguza mwendo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kujitungia sifa, vile nilivyowatia moto, kumbe moto wangu uliwatia huzuni tu, wakakaa wakashauriana, wakafunga hanjari zao na kwenda kuaibika pamoja naye. Kwa maneno ya Ami yale makavu labda wasingelitoka. Lakini si maneno yangu yaliyowatoa. Nilimpeleka mpaka mlangoni, nikambusu mkono, nikarudi nyumbani nikamkuta mama shambani, maji yanaingia, kainua kanga anayafungulia njia kwa jembe, nikavua viatu nikaingia kumsaidia.

Ami alikuwa arifu mpaka alipofariki, miaka ya themanini imeshakwenda. Walipotaka kuchagua mwingine, wakanijia nipite majumbani niwaite watu, maana kwa wakati huo Kiarabu kilikuwa kimenikaa, na qafu na ain nazitoa toka kooni. Nikawaambia gari langu lipo, petroli ni juu yangu, nitampeleka mtu yeyote mlango kwa mlango. Lakini aseme yeye, mimi nitamngoja ndani ya gari, na vioo nitavipandisha.